Sura 39 za Ayubu tunazoziruka

Mkristo wa Malindi hujifunza kusimulia kanisani kabla mwalimu wa insha hajamfikia. Nenda ibada yoyote ya Jumapili, iwe Barani, Muyeye au Kisumu Ndogo, utamsikia kiongozi akiwaita wenye ushuhuda, "kwa kifupi, wapendwa, muda umetubana." Mtu atasimama, atasalimu watu katika jina la Yesu, ataeleza alikuwa wapi, akapatwa na nini, na Bwana akamtoaje. Kanisa litaitika amina, mpiga kinanda atagusa sauti mbili tatu, na msemaji ataketi. Kwa dakika chache ametoa hadithi yenye mwanzo, kisa na kilele. Huo ni ufundi, na anayeudharau hajawahi kujaribu kuwashika watu wenye njaa saa saba mchana, chini ya mabati, mwezi wa pili.

Tatizo linaanza pale ushuhuda unapogeuka kitabu. Nimesoma miswada mingi ya waandishi Wakristo wa hapa kwetu: riwaya, tawasifu, hadithi fupi zilizochapishwa kwa pesa za mfukoni na kuuzwa mlangoni mwa kanisa. Karibu yote imefuata njia ile ile ya dakika chache. Taabu inaingia ukurasa wa kumi, ukurasa wa kumi na tano imeshatoka, halafu zinafuata kurasa na kurasa za baraka. Kwamba imani na shida humfinyanga mwandishi, sina ubishi na hilo. Ninachouliza ni hiki: imani yake inamruhusu kukaa ndani ya shida kwa muda gani kabla ya kulazimisha jibu?

Kitabu cha Ayubu kina sura 42. Anayekisimulia mimbarani hutumia tatu tu: mbili za mwanzo, ambamo tajiri anafilisika, anafiwa na watoto kumi kwa siku moja na kuoza ngozi, na ile ya mwisho, ambamo anarudishiwa. Katikati zinabaki sura 39, na humo hatumwoni yule Ayubu wa subira tunayemsifia. Analaani siku aliyozaliwa. Anataka yeye na Mungu wasimame mbele ya mwamuzi. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanamjibu kwa maneno ambayo kwetu yangepigiwa makofi: Mungu hakosei, hebu jichunguze, tubu utainuliwa. Mwishoni Mungu anamkemea Ayubu kwa kusema asiyoyajua, lakini hasira zake zinawawakia wale watatu, wasemaji wa mazuri.

Kisha angalia hesabu ya sura ya mwisho. Kondoo 7,000 wamekuwa 14,000. Ngamia 3,000 wamekuwa 6,000. Ng'ombe na punda vivyo hivyo, maradufu. Watoto? Mwanzoni walikuwa saba wa kiume na watatu wa kike. Mwishoni ni saba wa kiume na watatu wa kike. Mifugo imezidishwa mara mbili, watoto wamekuja kumi wengine tu, na wale wa kwanza bado wako kaburini. Msimulizi hasemi neno juu ya jambo hilo. Ameiacha hesabu pale, anayetaka aione. Mwandishi wa kiwango hicho nampa heshima zangu zote, na nasikitika kuwa tumemfanya mtungaji wa kadi za pole.

Haraka hii ya kuvuka kaburi haikuanza juzi. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika pwani yetu mwaka 1844, alikuwa tayari amezika mtoto mmoja njiani, katika safari za Uhabeshi, mtoto waliyempa jina lenye maana ya chozi. Julai mwaka ule ule wa 1844, mkewe Rosine akafariki Mombasa kwa homa, siku chache baada ya kujifungua, na kichanga kikamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani, homa hiyo hiyo imemkamata. Barua aliyowaandikia wakubwa wake Ulaya baada ya hapo ni maarufu. Aliwaambia kwamba sasa kuna kaburi moja la upweke katika pwani hii, na kwamba ni ishara kuwa vita vimeanza, kwa sababu Kanisa hushinda kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake.

Sina moyo wa kumhukumu mtu aliyeandika akiwa katika hali hiyo. Pengine bila sentensi ile asingeamka. Lakini kama msomaji naona kitu: mtoto wa kwanza alipata jina la chozi, na msiba wa pili umekuwa mkakati. Rosine amegeuka hatua katika mpango. Barua hiyo ilisomwa, ikanukuliwa na kuhubiriwa, na naamini namna ya kusimulia iliyo ndani yake imerithiwa pamoja na Biblia na nyimbo. Kaburi halikai kaburi. Lazima liwe daraja.

Mbele kidogo yuko James Mbotela, mwana wa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Wanaopita Kengeleni hadi leo wanaipita kengele ya kijiji hicho, na wengi hawaijui. Mbotela alichapisha "Uhuru wa Watumwa" mwaka 1934, na wahakiki wamemsema sana kwa kuwainua Waingereza kama wakombozi. Wana haki. Hata hivyo mimi naisoma lawama hiyo kwa jicho la pili. Mtu aliyezaliwa kwa wazazi waliotekwa, wakasafirishwa majahazini, kisha manowari ya Waingereza ikatokea, anapataje kusimulia kisa hicho bila manowari kuwa malaika? Imani iliyompa elimu, kalamu na jina ndiyo iliyompa pia umbo la hadithi. Pale utumwa wenyewe unaposimuliwa, Kiswahili chake kina uhai. Inapofika shukrani, sauti inakuwa ya mtu anayezungumza akijua mwenye nyumba anasikiliza.

(Malindi nayo isijitoe. Mashamba ya mtama na ufuta yaliyoufufua mji huu katika miaka ya 1860 yalilimwa na watumwa, na baadhi yao walitorokea bara, Fuladoyo, wakaishi huko na Wakristo wa Kigiriama na watoro wenzao. Hiyo ni riwaya inayomngoja mtu.)

Hapa nataka niweke mswada mmoja mezani. Mwenyewe ni mama mmoja wa mjini, muuza mahamri na mbaazi, ambaye ameandika maisha yake kwa mkono katika madaftari ya shule. Amenikubalia nieleze bila kumtaja. Katika madaftari hayo, kifo na mazishi ya mwanawe vimepata mistari minne. Friji aliyoipata baada ya maombi ya siku saba, ya kuuzia maji baridi na juisi ya ukwaju, imepata kurasa tatu pamoja na bei na jina la fundi aliyeitia gesi.

Nikamuuliza, "Mama, asubuhi ya baada ya mazishi ulifanya nini?"

"Niliamka saa kumi kama kawaida, mwalimu. Nikasukuma, nikateleka mafuta. Hamri la kwanza lilikuwa lake siku zote, nilikuwa namwekea juu ya kifuniko cha sufuria lipoe, aende nalo shule. Basi nikaliweka."

"Siku hiyo?"

"Siku hiyo na zilizofuata. Hata sikumbuki niliacha lini."

Nikamuuliza mbona jambo hilo halimo daftarini. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma msomi. "Huo si ushuhuda, mwalimu. Nilipoanza kulieleza, mchungaji alisema hayo ni manung'uniko."

Nimelifikiria jibu hilo kupita kitu chochote nilichosoma kuhusu imani na uandishi. Mama huyu ana jicho. Anajua kuwa huzuni hukaa katika kifuniko cha sufuria, wala hahitaji kufundishwa. Kilichomnyima ni ruhusa. Imani yake, au tuseme namna alivyofundishwa kuisema, imemwambia kwamba sehemu ya maisha yake ambayo Mungu alikuwa kimya si sehemu ya hadithi ya Mungu. Kwa hiyo akaikata, na akaacha friji.

Linganisha na yaliyompata Fyodor Dostoyevsky, mwandishi wa riwaya wa Urusi. Watu hupenda kutaja kwamba mwaka 1849 alisimamishwa mbele ya bunduki kisha akasamehewa dakika za mwisho, na kwamba alikaa kifungoni Siberia miaka minne akiwa na Agano Jipya. Hayo ni makubwa na yanajulikana. Kwangu kubwa zaidi ni la Mei 1878, mwanawe Alyosha alipokufa kwa kifafa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kifafa kilikuwa ugonjwa wa baba. Mwezi uliofuata Dostoyevsky alikwenda kwenye monasteri ya Optina kuonana na mzee mmoja wa kiroho, kisha akarudi kuandika riwaya yake ya mwisho.

Katika riwaya hiyo kuna mama maskini aliyesafiri kutoka mbali kumwona mzee wa monasteri. Amefiwa na mtoto wa umri ule ule, mwenye jina lile lile. Anasema angetoa chochote asikie mara moja tu vile viguu vikitembea sakafuni, tipi tipi, hata kama hataruhusiwa kumkaribia wala kumwita. Mzee anaanza kwa faraja iliyozoeleka: mtoto sasa yuko na malaika. Mama anamjibu kwamba hata mumewe amemwambia hivyo hivyo, na mumewe mwenyewe analia. Hapo mzee anabadilika. Anamwambia asifarijike, hahitaji kufarijiwa, alie.

Huyo ni mwandishi Mkristo mpaka mfupa. Haachi imani ili aweze kusema kweli, na mzee wake si mnafiki wala mjinga. Ila amekubali kumwandika mhubiri anayeshindwa na faraja yake mwenyewe, akaiacha ishindwe mbele ya macho yetu. Na viguu vile, nadhani kila mtu ameshaona, havina tofauti na hamri la kwanza. Mmoja alipewa nafasi ya kuviandika, mwingine akaambiwa ananung'unika.

Kuna wanaoamini kwamba shida zenyewe zinatosha, kwamba aliyeteseka sana lazima ataandika vizuri. Hilo siliungi mkono. Kama mateso yangekuwa chuo cha uandishi, wadi za hospitali zetu zingejaa magwiji. C. S. Lewis, mwandishi Mkristo wa Uingereza, anatusaidia hapa kwa sababu aliandika juu ya jambo moja mara mbili. Mwaka 1940 alitoa kitabu kuhusu tatizo la maumivu, kitabu chenye hoja safi, kilichopangwa vizuri. Si kwamba hakuwa ameonja. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka tisa, na vita vya kwanza vya dunia vilimjeruhi. Lakini mwaka 1960 mkewe Joy alikufa kwa saratani, na mwaka uliofuata Lewis akachapisha madaftari ya msiba wake chini ya jina la bandia. Humo anasema kwamba ulipomwendea Mungu katika shida ya kweli ulikuta mlango umebamizwa usoni, ukasikia makomeo yakipigwa kwa ndani.

Imani ni ile ile, na mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza aliandika akiwa tayari na jibu, mara ya pili akaandika akiwa hana. Na jina lile la bandia linaniambia kitu: hata yeye, mtetezi mkubwa wa Ukristo wa kizazi chake, aliona jina lake haliwezi kubeba maneno hayo hadharani. Kwa hiyo mama wa mahamri asidhani yuko peke yake. Aibu hii ni ya zamani na ina wenyewe.

Na si lazima shida ionekane ndiyo ifanye kazi. Flannery O'Connor, mwandishi Mkatoliki wa kusini mwa Marekani, alikuwa na lupasi, ugonjwa uliomuua baba yake mwaka 1941. Aliishi shambani kwa mama yake akitembelea magongo, akafa mwaka 1964 akiwa na miaka 39. Hadithi zake karibu hazisemi lolote juu ya ugonjwa huo. Zimejaa wachuuzi wa Biblia, bibi wasumbufu na watu wema wa kujisifu ambao neema inawafikia kwa njia mbaya. Waandishi wetu wanaodhani lazima waianike hospitali nzima ili wasomwe, wamsome huyo.

Lakini kwa nini niende Urusi na Marekani wakati Pate iko hapo juu? Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake kwa bintiye karibu mwaka 1858, miaka michache baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu. Alikuwa mgonjwa, na anasema mapema kabisa kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Wengi hukumbuka nasaha zake kwa mke kuhusu mumewe, na kubishana juu yake. Mimi nakumbuka kwamba utenzi unaelekea mwisho wake ukiwa dua: anaomba apone, anawaombea wanawe, na hakuna ubeti unaokuja kutuambia kwamba alipona. Alifariki karibu mwaka 1860. Ni Mwislamu, na mimi ni Mkristo, na ninasema wazi kuwa katika jambo hili ametutangulia. Amemwachia Mungu jibu bila kumjibia. Jirani zetu wana utenzi wa Ayubu pia, kwa hiyo mtu wa pwani aliyetaka kujifunza namna ya kuteseka kwa maneno hakukosa shule. Ilikuwa mtaa wa pili.

Nafika pale ambapo mwandishi yeyote wa Malindi lazima afike. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, bara ya hapa kwetu. Miili ilipita 400, mingi ya watoto. Mochari ya hospitali yetu ilizidiwa, likaletwa kontena lenye ubaridi. Familia zilingoja vipimo vya vinasaba hadi Machi 2024 ndipo miili ya kwanza ikatolewa kuzikwa. Walionusurika na upande wa mashtaka wamesema watu waliambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Yaliyo mahakamani nayaachia mahakama. Mimi nazungumzia hadithi.

Maana ilikuwa hadithi. Ilisema kila shida ina maana iliyokwisha kuandikwa, kwamba njaa ni mlango, kwamba anayelalamika anarudi nyuma. Sisemi kwamba shuhuda za Jumapili ndizo zilizowapeleka watu msituni. Huo ungekuwa uzushi, na ungewaumiza waliokwisha kuumia. Ninachosema ni kwamba mtu aliyelelewa katika kanisa ambalo kilio huitwa manung'uniko anafika mahali kama pale bila mfano hata mmoja wa mwamini aliyemwambia Mungu hapana na akabaki mwamini. Ayubu alisema. Zaburi ya 88 inasema, na inaishia gizani bila shangwe yoyote. Mifano iko kwenye kitabu kile kile, ila tumezoea kuiruka.

Tangu wakati huo nimeona vitabu na mashairi yakichipuka juu ya msitu ule, na nina hofu nayo. Njia rahisi kwa mwandishi Mkristo ni kuthibitisha kwamba wale hawakuwa wenzetu: mhubiri awe joka tangu sentensi ya kwanza, waumini wawe mbumbumbu, kisha aje mchungaji wa kweli aombe, jua lichomoze. Mwandishi atakuwa amelisafisha kanisa lake na msomaji atalala usingizi mzuri. Njia hiyo inafanana sana na ile barua ya 1844, na rafiki watatu wa Ayubu wangeipitisha bila kusahihisha.

Riwaya ninayoitaka itakuwa ngumu kuiandika na ngumu zaidi kuiuza mlangoni mwa kanisa. Mhubiri wake apewe sauti nzuri. Apewe aya za kweli, zilizonukuliwa sawasawa, na zile nyimbo tunazozipenda. Awe mtu aliyemlipia mjane kodi na kumpeleka mtoto wa jirani hospitali usiku wa manane. Mama anayemfuata awe na akili, awe na duka, awe na sababu. Msomaji Mkristo afike ukurasa wa hamsini akiwa bado anamwamini mhubiri huyo, na afunge kitabu kwa muda mfupi ajiulize ni sentensi ipi iliyompita.